Saa ya Chipu na Saa ya Jua: Mfano wa Tabora

Msafara wa Richard Burton na John Speke, uliofika Kazeh katika Unyanyembe tarehe 7 Novemba 1857, ulibeba saa za ubaharia kutoka pwani. Saa ya namna hiyo hutunza wakati wa Greenwich. Msafiri huulinganisha na adhuhuri ya jua mahali alipo, akapata longitudo. Tabora, iliyo karibu na nyuzi 32.8 mashariki, huitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 11. Saa zikisimama, hesabu yote huvurugika. Wasafiri hao walifikia hatua ya kuhesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi.

Prosesa ndogo zinazopachikwa ndani ya mitambo zina shida iyo hiyo. Umeme ukikatika, kiini cha mfumo endeshi husahau wakati. Raspberry Pi, hadi toleo la 4, haikuwa na saa yake ya maunzi. Ikiwaka bila mtandao, haina pa kuulizia. Dawa yake ni chipu kama DS3231, yenye betri ya akiba na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Katika joto la nyuzi 0 hadi 40, haipotoki zaidi ya takriban dakika moja kwa mwaka.

Kuifunga chipu hakutoshi. Katika Linux, mhandisi huitaja chipu na anwani yake, 0x68, katika faili la maelezo ya vifaa, kisha huhakikisha kwamba kiendeshi chake kimo ndani ya kiini chenyewe. Kiendeshi kikichelewa kupakiwa, kumbukumbu za mwanzo huweza kuandikwa tarehe 1 Januari 1970, na vyeti vya usalama wa mtandao vikakataliwa kwa kuwa muda wake haujaanza.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno "saa" ni chombo, ni kipindi cha dakika 60, tena ni nukta katika siku. Agizo "weka saa", likiachwa hivyo katika mwongozo wa Kiswahili, halisemi ni saa ipi. Saa moja asubuhi mjini Tabora ni 7:00 kwa majira ya Afrika Mashariki na ni 4:00 kwa UTC. Chipu yapasa ipewe 4.

Ipo hila ya kuiambia mashine kwamba iko katika ukanda wa UTC−3, ili kioo kionyeshe saa za Kiswahili. Nambari husomeka vema, asubuhi na jioni. Tarehe, hata hivyo, hubadilika saa kumi na mbili alfajiri. Kalenda ya serikali hubadilika saa sita usiku. Desturi ya pwani huanza siku magharibi, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa huutangulia mchana wake. Hila hiyo haifuati yoyote kati ya hizo mbili. Ubadilishaji wa saa sita ni kazi ya programu inayoandika kiooni, baada ya tarehe kukokotolewa.

Jua nalo lina neno lake. Kwa wastani wa mwaka, hufika utosini Dar es Salaam dakika 23 baada ya saa sita mchana, na Tabora dakika 49 baada yake. "Saa sita" ya Mnyamwezi wa leo huhesabiwa kutoka UTC, si kutoka utosini.