Madawati ya benki na mkopo wako: jinsi ya kusoma ripoti ya uendelevu

Leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu, tuongee kuhusu benki. Kila mwaka benki kubwa hutoa ripoti ya mwaka, na ndani yake kuna sehemu ya uendelevu na uwajibikaji kwa jamii. Wengi tunaijua kwa picha tu: meneja anakabidhi madawati, vitanda vya zahanati, miche ya miti. Lakini mambo yanayomgusa mkulima wa Umalila, Mbarali au Kilolo mara nyingi yapo kwenye kurasa zisizo na picha.

Tenganisha vitu viwili

Cha kwanza ni msaada. CRDB na NMB zote zina utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Ni jambo jema, mtoto akipata dawati si kitu kidogo. Ila piga hesabu: benki ikipata faida ya shilingi bilioni 100, msaada ni bilioni 1.

Cha pili ni biashara yenyewe. Hizo bilioni 100 zimepatikanaje? Nani alikopeshwa, kwa riba gani, na mkopo ule uliifanya nini ardhi na maji?

Chukua mfano. Umekopa milioni 2 kwa mwaka mmoja, unalipa baada ya mavuno. Kwa riba ya asilimia 18 unalipa riba ya shilingi 360,000. Kwa asilimia 9 unalipa 180,000. Tofauti hiyo, kwa kaya moja tu, ni mifuko kadhaa ya mbolea. Ndiyo maana nasema madawati tuyashukuru, lakini tusiishie hapo.

Mambo manne ya kutafuta ndani ya ripoti

1. Mikopo ya kilimo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa nafuu kwa mabenki yanayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Baada ya hapo CRDB na NMB zikashusha riba ya mikopo ya kilimo hadi asilimia 9. Sasa angalia kiasi kilichokopeshwa, halafu uliza: kimeenda kwa nani? Mfanyabiashara anayenunua mahindi kwa malori naye anaweza kuhesabiwa kwenye kilimo. Ripoti nzuri inatenganisha wakulima wadogo, wanawake na vijana. Ripoti inayotaja jumla tu imekuacha gizani.

2. Fedha za kijani. Mwaka 2021 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mpango wa dola milioni 200 kupitia CRDB, nusu kutoka mfuko huo na nusu kutoka benki yenyewe, kwa ajili ya teknolojia za kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2023 CRDB iliuza Hatifungani ya Kijani: ilitafuta bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 171. Hatifungani ni deni, siyo sadaka. Walionunua wanategemea kuelezwa fedha zao zilifanya kazi gani. Hapo ndipo na wewe uangalie: zimefika kwenye umwagiliaji wa matone, maghala na mbegu zinazohimili ukame, au zimeishia mijini?

3. Hatari ya tabianchi. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa mwongozo unaozitaka benki zisimamie hatari zinazotokana na tabianchi. Kwa lugha yetu: mvua ikigoma, mkopo haurudi, na benki inatakiwa kulifikiria hilo mapema. Kwetu huku jambo hili lina uzito. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na maji yanayotoka Usangu ndiyo yanayokwenda bwawa la Mtera. Benki ikikopesha kupanua mashamba ya mpunga bila kuuliza maji yanatoka wapi, inaweza kumsaidia mkulima mmoja na kumuumiza wa chini yake.

4. Nani kakagua. Hesabu za fedha hukaguliwa na mkaguzi wa nje. Takwimu za uendelevu si lazima. Tafuta ukurasa wa mkaguzi huru, uone amethibitisha nini. Kama haupo, namba hizo ni maneno ya benki yenyewe.

Wewe ufanye nini?

Ripoti hizi zipo kwenye tovuti za benki, nyingi kwa Kiingereza. Mpe kijana wa AMCOS au SACCOS yenu kazi ya kupakua na kusoma sehemu ya kilimo, kisha alete kwenye mkutano. Afisa wa benki akija, muulizeni:

- Wilaya yetu ilipata mikopo mingapi ya kilimo mwaka jana?
- Riba ni ngapi, na ada nyingine ni zipi?
- Kuna bima ya mazao? Inalipa lini?
- Dirisha la fedha za kijani linapatikana kwenye tawi hili?

Na nyumba yako iwe safi pia. Andika daftari la shamba: heka, mbegu, mbolea, mavuno, mauzo. Kama unamwagilia, fuatilia kibali cha maji kwenye Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi kuu ipo Iringa. Usilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza, na fomu ya mkopo inaweza kuuliza. Benki inahitaji takwimu ili iandike ripoti yake, kwa hiyo mkulima mwenye daftari anasikilizwa kuliko mwenye maelezo ya mdomo.

Basi, msimu huu kabla hujaweka dole gumba kwenye fomu, uliza kwanza. Kilimo chema.