Kambi za Mateka wa Vita Nyeri na Nanyuki: Chanzo Chake na Wajibu Wetu

Waamini wanaopita upande wa Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, wanalifahamu kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Ndani yake yamehifadhiwa mabaki ya askari zaidi ya 600, pamoja na kaburi la Mwanamfalme Amedeo wa Aosta. Mtoto wa katekismu akiuliza watu hawa walifikaje huku kwetu, mara nyingi hujibiwa kwamba walikuwa wamisionari, au kwamba walikuja kuipiga Kenya wakashindwa. Majibu hayo mawili hayatoshi. Kabla ya kuwaombea marehemu, yafaa tujue tunamwombea nani, na kwa nini alifia mbali na kwao.

Chanzo cha kambi hizi kiko Ethiopia. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia nchi hiyo jirani yetu, yakatumia hata gesi ya sumu. Mji wa Addis Ababa ulitekwa Mei 1936. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano, raia kwa maelfu waliuawa mjini humo. Na mwezi Mei mwaka huohuo watawa wa monasteri ya Debre Libanos waliuawa kwa mamia. Mwisho wa mwaka Graziani aliondolewa, na Amedeo wa Aosta akachukua nafasi yake. Alisifika kuwa mpole kuliko mtangulizi wake, lakini kiti alichokikalia kilikuwa kimepatikana kwa dhuluma.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili dhidi ya Uingereza. Siku ile Kenya, iliyopakana na Ethiopia na Somalia ya Kiitaliano, ikawa uwanja wa mapambano. Hata wamisionari Waitaliano wa Shirika la Consolata, waliofika nchini tangu mwaka 1902, walihesabiwa kuwa raia wa adui wakawekwa kizuizini. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka kutoka Kenya. Ndani yake walikuwamo askari Waafrika wa King's African Rifles, pamoja na wenzao wa Nigeria na Gold Coast. Mogadishu ilianguka mwezi Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwezi Mei Mwanamfalme Amedeo alijisalimisha katika mlima wa Amba Alagi, na Novemba ngome ya mwisho ya Gondar ikasalimu amri.

Hapo Waingereza walijikuta na mateka kwa makumi ya maelfu. Kwa nini wengine waliletwa kwenye miinuko ya Mlima Kenya? Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliagiza kwamba mateka waondolewe upesi kwenye uwanja wa vita, na kwamba waliotekwa mahali penye hali ya hewa yenye madhara kwao wapelekwe penye hali bora. Nyeri na Nanyuki kulikuwa na baridi, maji na reli. Tena serikali ya kikoloni ilihitaji nguvukazi. Kambi nyingine zilikuwa Naivasha, Gilgil na Londiani.

Mkataba huo uliwalinda mateka hata katika ibada yao. Wale waliotengeneza barabara ya kushuka Bonde la Ufa walijenga mwaka 1942 kanisa dogo la Mai Mahiu, ambalo wasafiri wanaliona hadi leo. Katika kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka Januari 1943, si kwa kukimbilia nchi nyingine, bali kuupanda Mlima Kenya. Benuzzi na mwenzake mmoja walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo, wakatumikia 7 tu.

Mwanamfalme Amedeo aliugua malaria na kifua kikuu, akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa Nyeri, karibu na askari wake. Mateka wengi hawakurudi kwao hadi mwaka 1946 au baadaye.

Ndugu msomaji, mbele ya makaburi haya Mkristo anapaswa kushika kweli mbili kwa pamoja. Ya kwanza: hawa walitumwa na utawala uliomwaga damu isiyo na hatia katika nchi ya Kiafrika. Kuwaombea si kuusafisha uvamizi ule. Ya pili: mara waliposalimisha silaha, walikuwa wafungwa, na Kristo mwenyewe amejihesabu miongoni mwa wafungwa. Rehema waliyopewa ilikuwa ya haki.

Lakini rehema hiyo ilikuwa na mipaka. Kanisa hili la kumbukumbu lilijengwa mwaka 1952. Oktoba ya mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na muda si mrefu waya wa miiba ukazungushwa tena katika nchi hii. Safari hii walioingizwa ndani walikuwa wenyeji, baba na babu zetu. Hao hawakuhesabiwa kuwa mateka wa vita, wala hawakupewa ulinzi wa Mkataba wa Geneva. Wengi wao hawana jina juu ya jiwe lolote.

Basi, mwezi wa Novemba tunapowakumbuka marehemu wote, tusiwatenganishe. Tuwataje katika sala moja askari wa Italia, watawa wa Debre Libanos, vijana wa Afrika Mashariki waliokufa wakipigania ufalme wa wengine, na waliofia katika kambi za miaka ya hamsini. Tena tuwakumbuke kwa matendo wafungwa walio hai katika magereza yetu, ambao wengi wao hawajatembelewa na mtu wa parokia zetu mwaka mzima.