Mafua na Kichomi: Maradhi Mawili Katika Pafu Moja (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna pafu linavyojihami. Leo natuangalie yanayojiri maradhi mawili yanapoliingia kwa pamoja, na mfano wake hauko mbali na Kihagara, huku mwambaoni mwa Ziwa Nyasa. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Wadachi chini ya Jemadari von Lettow-Vorbeck liliuvuka tena mto Ruvuma likitokea Msumbiji, likapita Ungoni karibu na Songea, na katika safari hiyo watu wake wakashikwa na mafua makali yaliyogeuka kichomi, hata walipofika Ubena katikati ya Oktoba ikabidi wagonjwa, akiwamo Jenerali Wahle, waachwe nyuma wachukuliwe na Waingereza. Jina la jenerali limehifadhiwa. Vifo vya wapagazi havikuhesabiwa sawasawa.

Ni nini hasa kilichoua mwaka ule? Watabibu wengi walimdhania bakteria aliyetangazwa na Pfeiffer mwaka 1892 kuwa ndiye asili ya mafua, na virusi vyenyewe havikupatikana kwa binadamu hadi 1933, huko London. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani, Morens, Taubenberger na Fauci, walipochunguza upya vipande vya mapafu ya marehemu wa zama zile vilivyohifadhiwa, walibaini kwamba wengi mno waliangamizwa na bakteria wa kawaida, wale wanaoweza kukaa kooni mwa mtu mwenye siha bila ya kumdhuru.

Virusi huharibu utando wa njia ya pumzi pamoja na vinyweleo vyake, ambavyo kazi yao ni kusukuma makohozi na uchafu kwenda juu, wakati huohuo vikizimenya seli na kuziacha wazi, bakteria wapate pa kunata. Na la ajabu zaidi, mwili wenyewe, ukishughulika kupambana na virusi, huwapunguzia nguvu askari wake walao bakteria. Ndiyo sababu mgonjwa huonekana kupata nafuu, akaomba uji, jamaa wakamshukuru Mungu, kisha baada ya siku chache homa ikarejea na kifua kikabana. Homa hii ya pili, kwa rai yangu, ndiyo ya kuhofiwa, nayo ndiyo ipuuzwayo kwa kudhaniwa masalio ya ile ya kwanza.

Asiyesadiki na azingatie habari ya Soweto, Afrika Kusini: miongoni mwa watoto waliochanjwa dhidi ya bakteria wa nyumokoki, waliolazwa kwa kichomi chenye virusi walipungua kwa kadiri ya asilimia 31, hali chanjo ile haigusi virusi hata kidogo. Tanzania hutoa chanjo ya namna hiyo tangu 2013.

Mganga wa zahanati ya mwambaoni, msimu wa baridi upepo wa mwera unapolivuruga ziwa, hana maabara ya kuyapambanua maradhi haya, na hata picha ya eksirei haiyapambanui barabara. Basi huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: zikifika 50 kwa mwenye miezi miwili hata karibu mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, humpa amoksilini, dawa isiyodhuru virusi hata kimoja, kwa hadhari ya bakteria ambao huenda wamekwisha ingia.

Surua, ambayo huudhoofisha mwili kwa njia nyingine kabisa, itafuata juma lijalo.

(Itaendelea)