Ndege wa Mida walionirudisha kwenye alfajiri

Mwaka 2020, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani na begi la nguo na kamera kuukuu ambayo mgeni mmoja alikuwa ameniuzia kwa bei ya kutupa. Sitaficha, ndugu msomaji. Miezi ile nilikuwa nikilala hadi jua limepanda. Alfajiri nilikuwa naikidhi, na siku nyingine hata kuikidhi sikuikidhi. Mtu aliyekosa kazi huona haya kukutana na watu msikitini, maana lazima atokee mmoja wa kumuuliza, "Vipi, umepata chochote?"

Walionitoa kitandani ni ndege. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza wanaanzaje, na wazee wawili watatu wameniuliza kama nina akili timamu.

Mida ni hori lililoingia nchi kavu karibu na Watamu, limezungukwa na mikoko. Maji yakipwa, hubaki uwanda mpana wa tope na mchanga uliojaa kaa, chaza na minyoo. Kuanzia Agosti hufika ndege kutoka mbali, wengine Urusi, wengine Ghuba. Ninayempenda kuliko wote ni chamchanga, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, ambaye chakula chake hasa ni kaa. Huzaliana kwenye pwani zenye joto kali za Bahari ya Shamu, Oman na Iran. Hachimbi kishimo kidogo kama ndege wengine wa ufukweni. Huchimba handaki refu ndani ya mchanga na kutaga humo yai moja tu, jeupe. Kinda akiweza kuruka husafiri na mzazi hadi kwetu, na hata akifika hapa bado hulishwa. Utamwona Mida, mwili wa kijivu, miguu mirefu, akimfuata mzazi huku akipiga mluzi wa kuomba kaa. Ilipofika Aprili mababu zetu walisubiri kusi ili majahazi yarudi Maskati, na chamchanga nao huondoka majira hayo hayo.

Picha yangu ya kwanza ya kinda yule akilishwa ilikuwa na ukungu, na nusu ya mzazi imekatwa. Niliitazama usiku kucha. Nami nilikuwa na watoto watatu wa kulishwa na sijui kesho nitawalisha nini. Sote tumesikia darasani ile hadithi ya ndege wanaotoka asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba, lakini mimi nilikuwa nimeisikia kwa masikio tu. Asubuhi ile niliona pia sehemu ambayo mara nyingi tunairuka: ndege ametoka. Chamchanga yule alitembea topeni saa nzima, akakosa mara nyingi kuliko alivyopata.

Basi nikaanza kuamka. Na anayetaka kufika Mida kabla ya mwanga hana budi kuamka kabla ya adhana, kwa hiyo nikajikuta msikitini, safu ya kwanza, kamera nimeiacha kwa mwenye duka jirani. Sidai kwamba imani yangu ilipanda siku moja. Nilirudi kwa mguu, kama mtu anayerudi nyumbani.

Sasa kuhusu namna ya kuanza. Jambo la kwanza ni maji, kamera baadaye. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali na utapiga picha za vidoa. Subiri yanapojaa, kwani yatawasukuma kidogo kidogo hadi karibu na ulipo. Sisi tunaofuata mwezi tuna faida hapa. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri kuelekea magharibi. Mwezi ukifika tarehe 5 au 6, na tena 20 au 21, maji hujaa kiasi cha saa mbili au saa tatu asubuhi, jua bado laini. Hizo ndizo siku zangu. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote, usisumbuke na simu.

Fika mapema, kaa chini, jua liwe mgongoni kwako. Ukikaa chini ndege hakuogopi sana, na picha inakuwa ya macho kwa macho. Lenga jicho. Jicho likitoka vizuri, mengine husameheka. Kwa ndege anayeruka weka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Huna kamera? Weka simu kwenye tundu la darubini, inawezekana. Na kama hata nauli ya Mida huna, anza na chozi kwenye maua ya uani. Usivae ndara, tope la Mida huzimeza. Kuna daraja la mbao lililojengwa juu ya mikoko, na ada ya kupita huenda kusaidia karo za watoto wa shule za hapo, kwa hiyo lipa bila kunung'unika.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Maji yalikuwa yamejaa, ndege mamia wamejibana kwenye kipande kidogo cha mchanga. Nikawaendea mbio ili waruke wote, nipate picha ya mabawa. Nikaipata, tena nzuri. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu akaniita. "Mwanangu, hawa wamekuja kula na kupumzika. Ukiwarusha kila siku, nguvu ya kurudi kwao wataitoa wapi?" Nilinyamaza. Ni kweli, mafuta anayojiwekea ndege hapa ndiyo nauli yake, na kila unapomrusha bure unamchomolea sehemu ya nauli hiyo. Picha ile niliifuta. Vivyo hivyo kwa viota: usikate majani ili uone vizuri, kwani kunguru nao wataona.

Jirani yangu mmoja alisema kupiga picha viumbe wenye roho hakufai. Wanazuoni wamehitilafiana katika hili. Wako wanaoona picha ya kamera ni kivuli tu kilichoshikwa, na wako wanaoizuia isipokuwa kwa dharura. Mimi si mwanachuoni. Nilimuuliza sheikh ninayemwamini, nikafuata jibu lake, nawe muulize wako.

Picha pia zina kazi. Mwaka 2013 ndipo watafiti walipopata mahali anapozaliana kwera wa Clarke, ndege mdogo wa manjano asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. Alikuwa akijenga viota kwenye kinamasi cha Dakatcha, upande wa Marafa. Ramani ya ndege wa Kenya imegawanywa vipande vya kilomita 9 hivi kila upande, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya aliowaona. Picha yako yenye ukungu, ikiwa na tarehe na mahali, ni ushahidi.

Kazi nilipata baadaye, ya nusu mshahara. Jirani yule bado hajakubali kamera, lakini Septemba iliyopita alinipigia simu kabla ya adhana kuniuliza kama wale wa mgongo mweusi wameshafika.