Uboho ni Kitalu cha Damu

Ukivunja mfupa wa ng'ombe unakuta ndani yake kitu laini chenye mafuta. Watoto hugombania kukinyonya. Hicho ni uboho, na wengine huuita uloto. Wewe pia unao, ndani ya mifupa yako. Kazi yake ni kutengeneza damu.

Sisi wa Tabora tunaolima tumbaku tutalielewa jambo hili upesi. Uboho ni kitalu. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Chembe zinazogandisha damu penye jeraha huishi siku 10 hivi tu. Nyingine ni nyeupe, nazo hupigana na maradhi. Kila siku miche mipya hutoka kitaluni kujaza mapengo. Miche hiyo huzaliwa na chembe mama zilizomo ndani ya uboho.

Adui mmoja wa kitalu hiki ni mionzi. Huioni, huinusi, wala huisikii mkononi. Yako mawe yanayoitoa, kama urani. Na jiwe hilo lilipatikana katika nchi ambayo babu zetu waliijua.

Katika karne ya 19 misafara ya Unyamwezi haikwenda Bagamoyo tu. Mingine ilielekea kusini-magharibi mpaka Katanga, kutafuta shaba na pembe za ndovu. Msiri, mwana wa Kalasa, mtu wa Usumbwa, alihamia huko akawa mfalme, hata alipouawa mwaka 1891. Mwaka 1915 urani iligunduliwa katika Katanga hiyohiyo, mahali paitwapo Shinkolobwe. Wakati ule Wabelgiji ndio waliotawala. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililotupwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika shimo hilo.

Watu wengi sana walikufa siku ileile. Wengine walitoka bila jeraha wakadhani wamesalimika. Baada ya wiki chache nywele zilinyonyoka, ufizi ukatoka damu, wakafa. Kitalu chao kilikuwa kimeungua. Miche ya zamani ilipokwisha, hapakuwa na mingine.

Wako pia waliopona, wakarudi kazini, wakaoa na kuolewa. Lakini katika uboho wa baadhi yao chembe mama zilijeruhiwa bila kufa. Mkulima unajua: mbegu iliyokufa haioti, bali iliyoharibika huota, na uzao wake hurithi ubovu uleule. Saratani ya damu ilianza kuonekana miaka 2 au 3 baada ya bomu, ikazidi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa kwa waliokuwa watoto. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 siku ya bomu. Alikua vizuri, akawa hodari wa mbio shuleni. Saratani hiyo ilimwua tarehe 25 Oktoba 1955, ana miaka 12. Madaktari wameona maradhi ya uboho hata kwa wazee, zaidi ya miaka 40 baada ya bomu.

Hata hivyo walio wengi hawakupata saratani ya damu. Aliyepata mionzi mingi ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa. Kwa hiyo usikatae picha ya eksirei mganga akikuagiza. Picha ya kifua ina mionzi kidogo, kama ile ya asili tunayoipata ardhini na angani kwa siku chache. Mama mjamzito amwambie mpiga picha mapema.

Ninachokihofia mimi ni vyuma chakavu, maana wanunuzi wanapita kila kijiji. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu walichukua chuma cha mashine ya matibabu iliyoachwa katika jengo tupu. Walikipasua, wakakuta unga unaong'aa gizani, wakagawiana na jamaa. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6.

Alama ya mionzi ni duara dogo jeusi lenye mapanga matatu kulizunguka, mara nyingi juu ya rangi ya njano. Ukiiona kwenye chuma au sanduku, usiliguse wala usilifungue. Waondoe watoto. Mwambie mwenyekiti wa kijiji awaite polisi, nao wataijulisha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo ina vyombo vya kupimia.