Je, Wajua? Dawa Isiyokuwamo Hadi Utafune

Je, wajua kwamba brokoli nzima, kabla haijaguswa na kisu, karibu haina chembe ya sulforafani, ile kemikali inayosifiwa kwayo? Kilichomo ni malighafi tu, glukorafanini, na kando yake, katika seli nyingine, kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Havikutani mpaka jino au kisu kivunje seli. Ukiichemsha hadi ilegee, kimeng'enya kimekufa. Ndiyo maana wajuzi huinyunyizia unga wa haradali baada ya kuipika: haradali ina mirosinasi yake.

Mwaka 2002 Jed Fahey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha maabarani kwamba sulforafani huua Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, hata aina zilizokuwa sugu kwa antibiotiki. Huyu si mdudu wa mchezo. Hugeuza urea kuwa amonia, akaipoza tindikali inayomzunguka, akastarehe mahali ambapo wengine huungua. Mwaka 1984 Dk. Barry Marshall wa Perth, Australia, alimnywa kwa makusudi ili wabishi wakubali. Utando wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel.

Maabara ni maabara. Tumbo lina ubishi wake. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu 48 wenye bakteria huyo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikula gramu 70 za chipukizi za brokoli kila siku kwa wiki 8, jingine chipukizi za alfalfa. Kwa wala brokoli, dalili za maambukizi zilishuka. Miezi miwili baada ya kuacha, zilikuwa zimerudi palepale. Kwa hiyo anayeandikiwa antibiotiki azimalize.

Na kitunguu saumu? Kwenye sahani ya maabara kinaua. Lakini watafiti wa Houston walipowalisha watu punje 10 mbichi pamoja na chakula, bakteria hawakutikisika, ingawa sina shaka majirani mezani walitikisika.

Kabichi ina kisa cha zamani zaidi. Ni spishi moja na brokoli, na sukuma wiki pia. Mwaka 1949 Dk. Garnett Cheney wa California aliripoti kuwa wagonjwa 13 wa vidonda vya tumbo walipona haraka kwa kunywa maji ya kabichi mbichi. Bakteria hakuwa amejulikana bado, basi Cheney akaamini ni vitamini, akaiita U. Vitamini kamwe haikuwa.