Ukihama Kazi, Usiiache Michango Yako ya Uzeeni Nyuma

Masika yanapofika na wageni wakapungua katika hoteli za pwani yetu, au mkataba wa ujenzi unapofikia ukomo huko Mapinga, Kerege na Zinga, wapo wananchi wanaorudi nyumbani bila kujua hatima ya fedha walizokatwa kila mwezi kwa ajili ya uzee wao. Baadhi huamini kwamba zimebaki kwa mwajiri. Wengine wakipata kazi mpya huanza upya, kana kwamba miaka ya nyuma haikuwapo. Makala hii inaeleza haki ya mwanachama anapohama au kupoteza kazi, pamoja na hatua za kuchukua ili haki hiyo isipotee.

Mifuko miwili

Hadi mwaka 2018 Tanzania Bara ilikuwa na mifuko kadhaa ya pensheni. Sheria Namba 2 ya mwaka huo iliunganisha PSPF, PPF, GEPF na LAPF, ambao ulikuwa mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, ikaunda mfuko mmoja wa watumishi wa umma uitwao PSSSF. Mfuko huo ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ukabaki kuwa mfuko wa sekta binafsi na wa wananchi waliojiajiri.

Katika mifuko yote miwili mchango ni asilimia 20. Kwa NSSF, mwajiri na mfanyakazi huchangia asilimia 10 kila mmoja. Kwa PSSSF, mwajiri hutoa asilimia 15 na mtumishi asilimia 5. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli mwenye mshahara wa shilingi 300,000 huwekewa shilingi 60,000 kila mwezi. Kwa miaka tisa, yaani miezi 108, michango hiyo hufikia shilingi 6,480,000. Hicho si kiasi cha kuachwa kwa sababu ya kadi iliyopotea au jina lililoandikwa vibaya.

Anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine

Anayetoka kwa mwajiri mmoja wa sekta binafsi kwenda kwa mwingine hubaki na namba yake ileile ya NSSF. Mkabidhi mwajiri mpya namba hiyo siku ya kwanza, wala usikubali kuandikishwa upya. Mwenye namba mbili huwa na kumbukumbu mbili pungufu, na siku ya kudai mafao atalazimika kuthibitisha kwamba wote wawili ni mtu mmoja.

Anayetoka sekta binafsi kuingia utumishi wa umma, kwa mfano mhudumu wa hoteli aliyepata ajira ya ualimu, huanza kuchangia PSSSF. Miezi aliyochangia NSSF haifutiki. Pensheni ya kila mwezi huhitaji michango isiyopungua miezi 180, na utaratibu wa kujumuisha vipindi vya uchangiaji huruhusu miezi ya mifuko yote miwili kuhesabiwa pamoja. Mwenye miezi 108 ya NSSF na miezi 84 ya PSSSF ana jumla ya miezi 192. Kila mfuko ukihesabiwa peke yake hatimizi sharti hilo, lakini kwa pamoja amelitimiza, na kila mfuko humlipa sehemu inayouhusu. Bila kufikisha miezi 180, mstaafu hulipwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Anayevuka bahari kwenda kufanya kazi Unguja huingia ZSSF, mfuko wenye sheria yake. Naye aitunze namba yake ya Bara.

Anayepoteza kazi

Lile fao la kujitoa, ambalo mwanachama alichukua michango yake yote mara baada ya kuacha kazi, halipo tena katika utaratibu wa kawaida. Mahali pake pana fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Kwa mhudumu wetu wa shilingi 300,000, hiyo ni takriban shilingi 100,000 kwa mwezi. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake. Walio katika kazi za msimu, kama za mashamba ya miwa na ya chumvi, waulize mfuko wao utaratibu unaowahusu kabla ya kujaza fomu.

Soma kabla ya kutia saini

Fao hilo ni la mtu aliyepoteza kazi bila hiari yake. Aliyejiuzulu kwa hiari hana haki nalo. Hapa ndipo wananchi wengi hupoteza stahili zao. Mfanyakazi anayepunguzwa huambiwa aandike barua ya kuacha kazi "ili mambo yaishe haraka". Akiiandika, kumbukumbu zitaonyesha kwamba aliondoka mwenyewe, na mfuko utaamua kwa kufuata karatasi hiyo.

Ndugu mwananchi, kama umepunguzwa, barua iseme umepunguzwa. Kama mkataba umefikia ukomo, barua iseme hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, mgogoro unapelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Usisubiri mfungo uishe au msimu wa wageni urudi. Siku hizo ni chache.

Anayejiajiri

Anayegeukia uvuvi, kilimo, bodaboda au biashara sokoni anaweza kuendelea kuchangia NSSF kama mwanachama aliyejiajiri. Aliyekwisha kuchangia miezi 150 amebakiza miezi 30 tu kufikisha 180. Kuiacha safari hapo ni sawa na kutia nanga ilhali bandari inaonekana.

Mambo ya kukamilisha kabla ya kuondoka kazini

Kwanza, omba taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko na uilinganishe na hati zako za mshahara. Mwajiri anapaswa kuwasilisha makato ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Ukiona miezi iliyorukwa, toa taarifa kwenye mfuko mapema, mwajiri angali anapatikana.

Pili, hakikisha majina yako yanafanana katika kitambulisho cha NIDA, kadi ya uanachama na akaunti ya benki. Tofauti ya "Saidi" na "Said", au "Mwanahamisi" na "Mwanahamis", imetosha kuchelewesha malipo.

Tatu, tunza barua ya ajira, barua ya kuachishwa, hati ya utumishi na hati za mshahara pamoja, na umwonyeshe mwenza wako au mtoto mkubwa mahali zilipo. Mwanachama akifariki, familia ndiyo itakayozihitaji.

Nne, fuatilia madai yako mwenyewe katika ofisi ya mfuko. Jihadhari na vishoka wanaoahidi kuharakisha malipo kwa ujira. Kuwasilisha madai hakuhitaji kumlipa mtu.

Mwenye shida ya utambulisho au ya kujaza fomu afike kwa Afisa Mtendaji wa Kata yake akiwa na nyaraka alizonazo, hata kama hazijakamilika. Kilichokosekana ni rahisi kukitafuta leo kuliko miaka ishirini ijayo, pengine mwajiri akiwa amekwisha kufunga biashara.